Baba Deo na Kikao cha Msimu wa Ndege

Ninyi mnaoripoti sasa kwenye vitengo vya elimu maalumu, mmetoka chuoni na mengi kuliko tuliyokuwa nayo sisi. Mnajua lugha ya alama, mnajua usonji ni nini, mnajua namna ya kumtuliza mtoto anayejipiga kichwa ukutani. Sisi wengine tulijifunzia hayo kwa mtoto mwenyewe. Ila lipo somo moja ambalo sidhani kama mmefundishwa, basi nalisema mapema: mtatukanwa.

Hawatakuwa watoto. Watoto watawauma, watawatemea uji, watawakumbatia kwa mikono yenye matope siku mliyovaa nguo mpya, nanyi mtawapenda. Watakaowatukana ni wazazi. Watafanya hivyo kwenye kikao, mwalimu mkuu akiwa amekaa pale mbele, wazazi wengine wakisikiliza kana kwamba redio imefunguliwa.

Nawaambia na jambo jingine, mtaliona la ajabu. Mimi nimestaafu, nakaa Katindiuka, nina shamba langu na kuku wangu na usingizi wangu wa mchana. Nakitamani kile kikao. Kuna siku nakaa kibarazani, naona kina mama wawili watatu wanapita wameshika watoto mkono, nami nasimama bila kujua kwa nini nimesimama. Mwili umezoea kupokea watu. Mikono inatafuta chupa ya chai.

Chupa ya chai ilikuwa ya Mwalimu Gaudensia. Yeye ndiye aliyenipokea kitengoni, na kama ninajua lolote kuhusu wazazi, nimelipata kwake. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye akili za kijanja. Jua la Ifakara mnalijua. Lakini yeye kila kikao alichemsha chai ya tangawizi ya moto kabisa, akammiminia kila mzazi kikombe kabla ya kufungua mdomo.

"Mwalimu, na joto hili?" nilimuuliza siku zangu za mwanzo.

"Joto ndilo linalotakiwa. Mdomo wenye chai ya moto hauwezi kutukana haraka. Lazima upulize kwanza."

Yeye ndiye aliyenionyesha suala la viti. Darasa letu lilikuwa na viti vya watoto, vile vifupi. Mwanamume mzima akikalia kiti cha mtoto, magoti yanamfika kidevuni, na mtu wa namna hiyo ameshakasirika nusu kabla hujamwambia salamu. Kwa hiyo siku ya kikao tulibeba viti vya ofisi ya walimu kichwani, sisi wenyewe, na walimu wenzetu wakabaki wamesimama wakinung'unika.

Halafu ilikuwepo hila yake ya shikamoo. Siku moja alikuja bibi mmoja, mlezi wa mjukuu asiyeona, akapiga meza kwa kiganja, akaanza kutuita wavivu, wachawi, na majina ambayo siyaandiki. Mwalimu Gaudensia alimsikiliza kidogo, akasimama, akapiga goti, akasema kana kwamba bibi ndiyo kwanza anaingia:

"Shikamoo, bibi."

Bibi alinyamaza katikati ya tusi. Ulimi ulikwenda wenyewe. "Marahaba."

"Shikamoo, bibi," mimi nami nikafuata.

"Marahaba. Nanyi mnanifanya niitike tu hapa…" Akacheka mwenyewe, akavuta kiti. Hakuna mtu aliyewahi kutukana katikati ya marahaba. Lakini mbinu hiyo ina mpaka wake: inamfaa aliyekuzidi umri. Kwa mzazi wa rika lako utabaki na "habari za nyumbani", na habari za nyumbani ndizo alizokuja nazo zikiwa zinamuunguza.

Lipo somo lake moja ambalo nalikumbuka kuliko yote, nalo ndilo lililonitia matatani. Alituagiza hivi: mzazi mwite kwa jina la mtoto aliyemleta kwetu. Mnajua kwetu hakuna anayeitwa jina lake akishazaa. Unaitwa Mama fulani, Baba fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza. Sasa watoto wetu wa kitengo wengi walikuwa wameshafichwa hata kwenye majina ya wazazi wao. Mtoto wa kwanza ana ulemavu, wa pili mzima, basi mtaani mama anaitwa kwa jina la wa pili. Mwalimu Gaudensia hakukubali. Akikuita, anakuita kwa jina la mtoto wake yeye, aliye darasani mwake. Niliwaona kina mama wakisikia jina hilo, wakainama kutafuta kitu mkobani ambacho hakikuwamo.

Mwalimu Gaudensia alistaafu, kitengo kikabaki mikononi mwangu. Ndipo ukaja mwaka wa Skola.

Skola, yaani Skolastika, alitoka upande wa pili wa mto, Lupiro. Alikaa bweni la kitengo. Alikuwa na ulemavu wa akili, maneno yake machache, mwendo wake wa taratibu, na alipenda kukaa karibu na mlango. Alikuwa anaelekea kuvunja ungo. Mwaka huo ofisi ya elimu ilituambia kikao kifanyike kabla ya mwezi kwisha, nasi tukakiitisha bila kutazama nje. Nje mpunga ulikuwa unatia maziwa.

Kama hamkukulia bonde hili, hamtaelewa uzito wa hayo. Mpunga ukitia maziwa, punje zikiwa bado changa na laini, ndege wanashuka kama wingu. Familia nzima inahamia shambani, inajenga dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, na kutwa kucha kazi ni kuamia: kupiga kelele, kuvuta kamba za makopo, kurusha tope kwa fimbo. Ukiondoka asubuhi moja tu, jioni unakuta masuke yamebaki makapi. Kumwita mkulima wa Kilombero kwenye kikao wiki hiyo ni kumwambia achague. Wachache waliochagua kuja walikuja wakiwa wameshapata hasara, na walimjua wa kumdai.

Tena zamani walau kulikuwa na pantoni pale Kivukoni. Mzazi wa Lupiro akiondoka na hasira, alisubiri pantoni, akaongea na wavuvi, akanunua samaki, akavuka polepole. Akifika kwetu hasira imepoa, inanukia samaki. Siku hizi kuna daraja. Nalishukuru daraja, limeokoa wagonjwa na wajawazito. Lakini bodaboda inamleta mzazi akiwa bado anachemka.

Baba yake Skola alikuja hivyo. Vumbi mpaka kwenye kope. Nilimpa kiti kirefu, nikammiminia chai, akaiweka chini. Nikafungua kikao, nikamtazama kwa uso mchangamfu, nikasema:

"Jamani, tuanze na Baba Skola, maana ametoka mbali."

"Baba nani?"

"Baba Skola. Karibu sana."

"Mimi naitwa Baba Deo. Nenda Lupiro kaulize. Baba Deo."

Mngekuwa ninyi, mngesema samahani mkaendelea. Mimi nilikuwa na somo la Mwalimu Gaudensia kifuani. Nikasema, kwa sauti nzuri kabisa, "Sawa, ila hapa kwetu tunaye Skola, kwa hiyo hapa wewe ni Baba Skola."

Alisimama. Chai ikamwagika.

"Hapa kwenu mna nini? Mna banda la kufugia watoto! Mwaka wa tatu huu, mtoto hajui a, hajui moja, jina lake haandiki. Mnamfundisha kupanga vikombe! Mpunga wangu unaliwa na ndege saa hizi, wewe umeniita hapa uniite majina!"

"Baba, tukae tuzungumze…"

"Nikae nikusikilize wewe? Wewe wanao wazima. Unatoka hapa unakwenda nyumbani kwako kwa watoto wazima. Utaniambia nini mimi?"

Mama mmoja wa Kisukuma, mwenye watoto mapacha kitengoni, mtu wa maneno, akajaribu kumtania: "Wewe baba, kelele hizo peleka shambani, utafukuza ndege mpaka wa Malinyi!" Wengine wakacheka kidogo. Ilikuwa nia njema, lakini kicheko kilikuwa petroli. Baba alitoka, akaenda chumba cha jirani walipokuwa watoto, akamshika Skola mkono.

"Twende. Kuamia ndege hakuhitaji mwalimu."

Skola alimfuata. Alipita mbele yangu ananitazama kama mtu anayesubiri aambiwe kitu.

Usiku ule sikuwaza matusi. Matusi nilishayazoea. Nilimwaza Skola. Ndege wana msimu wao. Wakiisha, watu wataingia kuvuna, kisha kupura, kisha kubeba, na nyumba zitabaki tupu kutwa. Binti anayekua, asiyeweza kueleza lililompata, ataachwa na nani? Mwaka mzima sisi na matroni tulikuwa tumemfundisha neno moja kuliko mengine yote: sitaki. Kusema sitaki kwa mdomo, kwa mkono, kwa kupiga kelele. Alikuwa ameanza kulishika. Kama asingerudi, lingemtoka, na sikuona neno jingine la kumlinda.

Nilikwenda kwa Mwalimu Gaudensia. Alikuwa anachambua mchicha. Nikamweleza yote, mpaka kicheko cha mwisho.

"Ulimwita mbele za watu?"

"Si wewe ndiye uliyetufundisha?"

"Niliwafundisha mmwite. Mimi nilianza mlangoni, Dafrosa, tukiwa wawili. Nikimwona ameitika, ndiyo naita na kikaoni. Asipoitika, namwacha na jina lake." Akatupa jani bovu. "Nenda shambani kwake. Usiende kusema. Nenda ukaamie."

Nilikwenda Jumamosi. Pale Lupiro barabarani niliulizia njia kwa vijana wa bodaboda, nikasema, "Naomba mnielekeze dungu la Baba Deo." Wakanielekeza mara moja. Nilivua viatu, nikapita kwenye majaruba ya mpunga maji yakinifika vifundoni, na kabla sijaliona dungu nilisikia sauti.

"Haaaa! Haaaa! Hoya!"

Sauti ya mtoto, kubwa, pana, inakwenda mpaka kwenye miti ya mbali na kurudi. Wingu la ndege likainuka, likajikunja, likahamia shamba la jirani. Nikatazama juu. Alikuwa Skola, amesimama juu ya dungu, mikono yote miwili hewani. Miaka ile yote darasani sikuwahi kuisikia sauti yake ikifika hata dirishani.

Nawaambia ukweli, nilisimama pale kwenye maji nikataka kurudi. Nilijiuliza, ni nani aliyeniambia kwamba mahali pake ni kwangu?

Baba yake aliniona. Akashuka ngazi nusu.

"Umekuja kunisema."

"Hapana, Baba Deo. Nimekuja kuamia. Nipe kamba."

Alinitazama miguu yenye matope. Akanipa kamba.

Kuvuta kamba za makopo kutwa si kazi ya mwalimu wa mjini. Viganja vilichubuka. Ndege walinijua mara moja kwamba ni mgeni. Walikuwa wanatua upande wangu. Skola alicheka mpaka akakaa. Kila walipotua alinikimbilia, akanipokonya kamba, akavuta, akanirudishia. Siku ile mwalimu alikuwa yeye.

Mchana mama yake alileta pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa ukatwangwa ukawa bapa. Sijui kama ninyi vijana bado mnakula pepeta mpya ya moto, inayonukia moshi na maziwa ya suke. Tulikaa watu wanne juu ya miti ile, upepo unapita chini yetu. Mtu akishakulisha kwake, hawezi tena kukufokea, mila inamkataza. Nikajua kwa nini Mwalimu Gaudensia alinituma pale. Shuleni sisi tulikuwa wenyeji, baba huyu mgeni anayesubiri kuambiwa mabaya ya mwanawe. Hapa mwenye kiti alikuwa yeye.

Baba alimsogezea Skola pepeta zaidi. Skola akausukuma mkono wake.

"Sitaki."

"Umeona?" akaniambia. "Mmemfundisha ukorofi."

"Ndiyo," nikasema. "Hilo somo ndilo limetuchukua muda mrefu kuliko yote."

Alinigeukia. Nikamweleza. Sikuzunguka. Nilimwambia anavyokua, nikamwambia habari za nyumba zinazobaki tupu wakati wa kuvuna, nikamwambia kwamba a na moja huenda asizijue kamwe, lakini neno hilo la sitaki atalijua, na kuoga mwenyewe ataweza, na kujifunga kitambaa siku zake zikifika ataweza, kama atarudi. Mama yake aliacha kutafuna. Baba alitazama mpunga muda mrefu, na ndege wakatua, na hakuna aliyewafukuza.

Kisha akasema, bila kunitazama:

"Alipozaliwa watu waliniita Baba Skola. Nilikuwa kijana, nilitamba nalo. Nikiitwa ng'ambo ya barabara, naitika mara mbili. Alipofika miaka mitatu hasemi, hatembei, watu wakaacha. Hakuna aliyeniuliza. Akazaliwa Deo, siku moja nikasikia mtu ananiita Baba Deo. Nikaitika."

Akapangusa makapi ya pepeta gotini.

"Nikaitika, Mwalimu. Ningeweza kunyamaza. Sasa wewe ukaniita lile la kwanza mbele ya watu, nikaona wote wanajua kwamba niliitika."

Mama yake alisema polepole, "Mimi nililia. Halafu na mimi nikaitika."

Hapo chuo hakikunisaidia, wala Mwalimu Gaudensia. Skola ndiye aliyesimama, akawaona ndege, akapiga kelele yake kubwa, nasi wote tukashtuka tukaanza kuvuta kamba.

Nilipoaga, baba alinisindikiza mpaka mwisho wa majaruba. "Sijasema nitamleta," akasema.

"Sijauliza, Baba Deo."

Msimu ukaisha, watu wakavuna. Shule ikafunguliwa. Nafasi ya Skola karibu na mlango niliiacha wazi siku za mwanzo, kisha mtoto mwingine akaikalia, nami sikuwa na sababu ya kumkataza. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo getini ilininyanyua kichwa. Nilikuwa ninafundisha kufunga vifungo huku masikio yako barabarani. Sasa hivi, hapa Katindiuka, pikipiki ikipunguza mwendo bado nanyanyua kichwa, na waliobaki nyumbani wananicheka.

Walikuja shule ikiwa imeshachangamka, saa ya uji. Skola alishuka kwenye bodaboda, amesukwa vizuri, ameongezeka kimo. Alinipita bila salamu. Akaingia darasani, akamkuta yule mtoto kwenye nafasi yake, akamwambia "Sitaki," akamsukuma taratibu kwa nyonga, akakaa. Mwenzake akasogea. Wakaanza kugombea kijiko kama hawajawahi kuachana.

Baba yake alisimama mlangoni. Alikuwa na mfuko wa mchele wa bweni begani, na hakuutua. Alikuwa anasubiri mwanawe ageuke amwone. Nami nilisubiri naye. Skola alikunywa uji wake wote, akapangusa mdomo, akaanza kupanga vikombe. Hakugeuka.

"Mwalimu," baba akasema kwa sauti ndogo, "akiwa hapa, huwa ananiulizia?"

Mtaulizwa swali hili, wanangu. Wengi wanaokuja wakipiga kelele wamelificha chini ya kelele hizo. Ningeweza kumpa jibu tamu. Lakini nilishakula pepeta yake.

"Siku za mwanzo anakutafuta," nikamwambia. "Anazunguka bweni lote. Halafu anazoea."

"Anazoea."

"Ndiyo."

Alitua mfuko wa mchele, akaupangusa vumbi, akausogeza ukutani usizuie njia. Akasimama tena. Mimi nikamtazama usoni, nikajiweka tayari, nikisubiri atoe neno moja baya, kama siku ile ya kikao, ili tukasirike kidogo na kila mtu aende kwenye kazi yake. Hakulitoa. Alinipa mkono, akatembea mpaka kwenye bodaboda, na nilimsikia akimwambia kijana wa pikipiki aende polepole.